Lugha za Alama Duniani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Nilikulia Wete, katika nyumba ambayo dada yetu mkubwa ni kiziwi, na leo kazi yangu ni ukalimani wa lugha ya alama. Maswali yafuatayo nimekuwa nikiulizwa barazani, harusini, ndani ya boti baina ya Unguja na Pemba, na mara nyingi zaidi na wazazi ambao wamegundua hivi karibuni kwamba mtoto wao hasikii. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingempotosha muulizaji.

Je, viziwi wote duniani hutumia lugha moja ya alama?

Hapana. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba duniani kuna zaidi ya lugha 300 za alama, na kwamba viziwi ni zaidi ya watu milioni 70. Kiziwi wa Japani na kiziwi wa Brazili hawana lugha moja, kama vile Mjapani na Mbrazili wanaosikia wasivyokuwa na lugha moja. Ni kweli kwamba viziwi wawili wa nchi za mbali wakikutana hufika mbali kuliko sisi tunaosikia, kwa sababu wamezoea tangu utoto kuzungumza na watu wasiowaelewa, na wanajua kutumia uso, mwili na vitu vilivyo mbele yao. Huo, hata hivyo, ni ustadi wa kuwasiliana, nao haugeuzi lugha mbili kuwa moja.

Kwa nini basi hawakukubaliana wakawa na lugha moja, ili mambo yawe mepesi?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, lakini tujiulize kwanza kama sisi wenyewe tungeweza. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, lakini Mtumbatu hakuacha Kitumbatu chake, Mmakunduchi hakuacha Kikae, na Mpemba akifika mjini hutambulika kabla hajamaliza maamkizi. Hakuna kamati iliyotunga lugha za alama na kuzigawa. Kila moja ilizaliwa mahali ambapo viziwi walikutana na kukaa pamoja, na kwa kuwa walikutana mahali tofauti, katika nyakati tofauti, lugha zao nazo zikawa tofauti.

Lugha ya alama si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono?

Sivyo, na kosa hili ndilo linaloleta madhara makubwa zaidi, maana anayeamini hivyo hudhani kwamba inatosha kupanga alama moja moja kwa kufuata mfuatano wa maneno ya Kiswahili. Lugha ya alama ina sarufi yake. Mwaka 1960 mtaalamu wa isimu William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet nchini Marekani, alionyesha kwamba alama haichukuliwi kama picha moja nzima, bali inaundwa na sehemu ndogo ndogo, yaani umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, na mwendo wake. Ukibadilisha sehemu moja, maana nayo hubadilika, kama sisi tunavyobadilisha sauti moja tu na "pita" ikawa "piga". Katika lugha ya alama ya Marekani, mkono uliokunjuliwa vidole ukigusa kidevu kwa kidole gumba humaanisha mama, na mkono huohuo ukigusa kipaji cha uso humaanisha baba.

Kwa Mswahili kuna jambo moja linalorahisisha kuielewa sarufi hii. Tunaposema "nakupa", neno moja limebeba anayetoa, anayepokea na kitendo chenyewe, na tukigeuza tukasema "unanipa", viambishi vimebadilishana nafasi. Lugha nyingi za alama hufanya jambo linalokaribiana sana na hilo kwa kutumia nafasi iliyo mbele ya mwili: mkono wa kutoa ukianzia kwangu kuelekea kwako ni "nakupa", na ukianzia kwako kuja kwangu ni "unanipa". Vilevile, sisi tuna ngeli zinazoamua vitu vipi vitakwenda na kiambishi kipi, na lugha nyingi za alama zina maumbo ya mikono yanayotumika kwa makundi ya vitu, kwa mfano umbo moja kwa vyombo vya usafiri, jingine kwa mtu aliyesimama, jingine kwa vitu bapa. Nimeona wanafunzi wangu wa Unguja wakilishika somo hili upesi pale wanapoambiwa waifikirie lugha yao ya mama kabla ya kufikiria Kiingereza.

Lugha za alama zenyewe pia hutofautiana katika sarufi. Huko Al-Sayyid, kijiji cha Mabedui katika jangwa la Negev nchini Israel, kuna lugha ya alama iliyozaliwa kijijini hapo miaka ya 1930, na watafiti walioichunguza walikuta kwamba mpangilio wake wa kawaida ni mtenda, kisha mtendwa, kisha kitendo, ingawa Kiarabu cha majirani hakipangwi hivyo wala Kiebrania hakipangwi hivyo. Walikuta pia kwamba vitenzi vyake havitumii nafasi kwa namna ile ya "nakupa" na "unanipa". Viziwi wa hapo hawakuazima sarufi kutoka kwa majirani wanaosikia, waliijenga wao.

Ikiwa alama ni mfano wa kitu chenyewe, inakuwaje zitofautiane?

Alama nyingi kwa hakika zina asili ya mfano, lakini kitu kimoja kina pande nyingi za kukitazama. Chukua mti. Katika lugha ya alama ya Marekani mkono mmoja husimamishwa kuanzia kiwiko, vidole vikachanuliwa na kutikiswa, kama shina na matawi yanayopepea. Katika lugha ya alama ya Denmark mikono miwili huchora hewani duara la majani na kisha shina linaloshuka chini. Wachina huonyesha shina kwa mikono miwili inayolizunguka na kupanda juu. Zote tatu ni picha za mti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea. Mpe mkarafuu mchumaji wa Pemba auonyeshe kwa mikono, yumkini ataanza na ngazi au na kikonyo cha karafuu. Isitoshe, alama zikishatumika kwa miaka mingi hufupishwa na kulainishwa, hata picha ya mwanzo ikapotea kabisa machoni pa mtu asiyejua historia yake.

Nimesikia kwamba kiziwi wa Marekani humwelewa wa Ufaransa kuliko wa Uingereza. Inawezekanaje, na Marekani na Uingereza zote zinasema Kiingereza?

Ni kweli, na kisa chake kinaeleza karibu kila kitu kuhusu ukoo wa lugha hizi. Miaka ya 1760 kasisi mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alifungua skuli iliyowapokea watoto viziwi, wakiwemo wa masikini, na akawafundisha kwa kuanzia na alama ambazo viziwi wa mji huo walikuwa nazo tayari. Wakati uleule, huko Edinburgh, ukoo wa Braidwood ulikuwa na skuli ya kulipia, na njia zao za kufundishia walizifanya siri ya biashara.

Mwaka 1815 Mmarekani Thomas Hopkins Gallaudet alivuka bahari kutafuta elimu ya kuwafundisha viziwi wa kwao. Alianzia Uingereza, ambako akina Braidwood walimwekea masharti ambayo hakuweza kuyakubali. Akiwa London alikutana na walimu wa skuli ya Paris, mmoja wao akiwa Laurent Clerc, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, na mwaka uliofuata wakasafiri pamoja kwenda Marekani. Skuli yao ilifunguliwa mjini Hartford mwaka 1817. Alama za Clerc zilichanganyika na alama ambazo watoto walikuja nazo, wakiwemo watoto wa kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako viziwi walikuwa wengi na wanaosikia pia walijua alama. Kutokana na mchanganyiko huo ikazaliwa lugha ya alama ya Marekani.

Hadi leo katika alfabeti ya vidole, yaani alama za kutaja herufi moja moja, Wamarekani hutumia ya mkono mmoja, na Waingereza hutumia ya mikono miwili. Lugha ya Uingereza ina ndugu zake Australia na New Zealand. Tusidhani kwamba Mmarekani na Mfaransa wanaelewana kila neno, kwani miaka 200 ni mingi, lakini udugu wao unaonekana. Nami sichoki kuwaza kwamba laiti ile siri ya biashara isingewekwa, huenda viziwi wa Boston leo wangekuwa wakizungumza na wa Edinburgh bila mkalimani.

Kuna mifano mingine ya lugha ya kusema kutofuatana na lugha ya alama?

Ipo mingi. Ureno na Brazili zote husema Kireno, lakini alfabeti ya vidole ya Ureno ina asili ya Sweden, ilikotoka kwa mwalimu aliyeitwa Lisbon mwaka 1823, na lugha ya Brazili iliathiriwa na ya Ufaransa kupitia skuli iliyofunguliwa Rio de Janeiro mwaka 1857. Korea na Taiwan husema lugha zisizo na udugu na Kijapani, lakini lugha zao za alama zina udugu na ya Japani, kwa sababu skuli zao za viziwi zilianzishwa wakati wa utawala wa Wajapani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ireland. Mjini Dublin skuli ya wasichana viziwi ilifunguliwa mwaka 1846 na ya wavulana mwaka 1857, zikatenganishwa, na matokeo yake wanawake na wanaume wakawa na alama tofauti kwa mamia ya maneno ya kila siku. Watu walioana wakalazimika kujifunza alama za wenzao baada ya harusi.

Afrika lugha za alama zilifikaje?

Neno "zilifikaje" lina kasoro, kwa sababu nyingine hazikufika kutoka popote. Adamorobe, kijiji cha mashariki mwa Ghana, kina lugha yake ya alama iliyotokana na wingi wa viziwi wa kurithi kijijini hapo, na viziwi na wanaosikia wote wameitumia kwa vizazi vingi. Huko Kano, Nigeria, ipo ya Wahausa.

Hata hivyo, katika Afrika Magharibi na ya Kati lugha ya Marekani ilienea sana kupitia mtu mmoja, Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, ambaye alifungua skuli ya viziwi mjini Accra mwaka 1957 na akaendelea kufungua nyingine katika nchi nyingi hadi alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Watu wa nchi zinazosema Kifaransa, kama Benin na Togo, wakajikuta wana lugha za alama zenye asili ya Marekani. Foster alifanya kazi kubwa ambayo wengi wanaosikia walikataa kuifanya, na wakati huohuo ni haki kukumbuka kwamba lugha za vijiji kama Adamorobe zimedhoofika watoto walipokwenda skuli na kurudi na lugha nyingine.

Na Tanzania je? Kiziwi wa Unguja anaelewana na wa Bara, au wa Mombasa?

Skuli ya kwanza ya viziwi Tanzania Bara ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Zilizofuata zilianzishwa na taasisi mbalimbali, kila moja ikiwa na walimu wake na mtazamo wake juu ya alama, na kwa sababu hiyo alama zilitofautiana kutoka skuli hadi skuli. Vyama vya viziwi, CHAVITA kwa Bara na CHAVIZA kwa Zanzibar, vimekuwa mahali pa kukutana, na kukutana huko ndiko kunakoikuza Lugha ya Alama ya Tanzania na kuwafanya watu wa sehemu mbalimbali waelewane. Tofauti za mahali zipo bado, na sioni sababu ya kuzionea haya.

Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha nyingine. Mzanzibari na mtu wa Mombasa wanaosikia hutaniana kwa Kiswahili kimoja chenye lafudhi mbili; viziwi wao huanza kwa kutafutana, wakishika alama zilizo sawa na kuulizana zilizobaki.

Mtoto kiziwi ambaye hajawahi kukutana na kiziwi mwingine, ana lugha?

Jibu hili naliandika nikimkumbuka dada yangu. Kabla hajaenda skuli, sisi wa nyumbani tulikuwa na ishara zetu: ya bibi, ya maji, ya mvua, ya ng'ombe wa jirani, ya "usiende ufukweni". Ziliendesha siku. Hazikutosha kumweleza kwa nini babu hakurudi kutoka hospitali. Aliporudi likizo yake ya kwanza kutoka skuli iliyokuwa na watoto viziwi wenzake, mikono yake ilikuwa na mambo ambayo hatukuyajua, na kwa mara ya kwanza alituuliza maswali yanayoanza na "kwa nini". Ishara za nyumbani ni mwanzo wa lugha. Hukosa tu watu wa kuzikamilisha.

Kwamba zinaweza kukamilika, dunia imeshuhudia. Nchini Nicaragua, kuanzia mwaka 1977, watoto viziwi walikusanywa katika skuli mjini Managua. Walimu waliwafundisha kusoma midomo na Kihispania, bila mafanikio makubwa, lakini uani na ndani ya mabasi watoto walichanganya ishara zao za nyumbani, na wadogo waliokuja baada yao wakazichukua wakazitia sarufi ambayo wakubwa hawakuwa nayo. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha.

Katika kijiji cha Bengkala, kaskazini mwa Bali, lugha ya alama iitwayo Kata Kolok imekuwepo kwa vizazi kadhaa, na wanakijiji wengi wanaosikia wanaijua. Wakitaka kutaja wakati wa siku huelekeza mkono mahali ambapo jua linakuwa wakati huo, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Kojani angelielewa bila kufundishwa.

Kwa nini wanakunja uso wanapozungumza? Wamekasirika?

Hawajakasirika. Uso ni sehemu ya sarufi. Katika lugha nyingi za alama, kuinua nyusi huonyesha swali la ndiyo au hapana, na kukunja ndita huenda na maswali ya "nani" na "wapi". Kukanusha pia hutofautiana: wengi hutikisa kichwa kushoto na kulia, lakini katika lugha za Ugiriki, Uturuki na Jordan kichwa kurushwa nyuma nacho hukanusha.

Alama ya heshima ya mahali pamoja inaweza kuwa tusi kwingine?

Inaweza. Katika lugha ya alama ya Japani kaka huonyeshwa kwa kidole cha kati kilichosimamishwa. Sihitaji kueleza zaidi.

Je, nchi zote za Kiarabu zina lugha moja ya alama, kwa kuwa zina Kiarabu kimoja?

Hapana. Misri, Jordan, Saudi Arabia na nyingine zina lugha zao, na juhudi za kutunga msamiati mmoja kwa nchi zote zimepingwa na viziwi wengi kwa sababu alama zilizopendekezwa hazikuwa zile wanazotumia nyumbani kwao.

Hakuna basi lugha ya alama ya kimataifa?

Upo mfumo uitwao Alama za Kimataifa, unaotumika katika mikutano ya Shirikisho la Viziwi Duniani, lililoanzishwa Roma tarehe 23 Septemba 1951, na katika michezo ya viziwi ambayo ilianza Paris mwaka 1924. Mwaka 1975 kilichapishwa kitabu cha alama zilizokusudiwa kutumika kimataifa, lakini wanaokutana leo hutegemea zaidi mazoea yaliyokua wenyewe kwa wenyewe. Msamiati wake ni mdogo, na mtoto hawezi kulelewa kwa mfumo huo.

Mtoto akijifunza alama, hatazuilika kusema?

Hofu hii ina historia. Mwaka 1880, mjini Milan, mkutano wa walimu ambao karibu wote walikuwa wanaosikia uliamua kwamba kusema ni bora kuliko alama, na baada ya hapo alama zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi. Vizazi vya watoto vilifungwa au kupigwa mikono kwa kutumia lugha yao. Mwaka 2010, katika mkutano wa Vancouver, maamuzi hayo yalikataliwa rasmi na majuto yakatolewa. Mtoto anayeonyeshwa alama tangu uchanga hupitia hatua zilezile za lugha. Hata kubwabwaja hubwabwaja, kwa vidole. Kinachomdhuru ni kukaa miaka bila lugha yoyote akisubiri siku atakayoweza kusema.

Nchi zipi zimezitambua lugha hizi kisheria?

Kwa majirani zetu, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja kuendelezwa kwa lugha ya alama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Zimbabwe iliitaja katika katiba ya mwaka 2013, na Afrika Kusini iliifanya yake kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. New Zealand ilifanya hivyo mwaka 2006. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unazihesabu lugha za alama kuwa ni lugha kamili, na Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006. Ninachokitamani ni kuona mkalimani kila mahakama na kila hospitali, kwa sababu nimewahi kumkuta mama kiziwi akitia saini karatasi ya upasuaji ambayo hakuna aliyemweleza.

Naweza kujifunza kwa video za Kimarekani zilizojaa kwenye simu?

Alfabeti ya vidole itakufaa kwa kiasi, kwa kuwa ile ya mkono mmoja imeenea nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Alama nyingine zitakufanya uzungumze na mtoto wako kwa lugha ambayo wenzake wa skuli hawaijui. Tafuta watu wazima viziwi wa hapa, wakae nyumbani kwako, wazungumze na mtoto nawe ukiwepo. Hakuna video inayoshinda hilo.

Ni sawa kumwita kiziwi "bubu"?

Si sawa. Neno hilo humaanisha asiyeweza kusema, na viziwi wanalichukia. Sema kiziwi.

Nikikutana na kiziwi Darajani au Chake Chake, nami sijui hata alama moja, nifanyeje?

Mguse begani kwa upole au mpungie mkono, simama kwenye mwanga, mtazame usoni, usimzungumzie mtu aliyefuatana naye. Elekeza kidole, andika ikiwa anasoma, na uliza alama ya kitu unachokitaka. Atakuonyesha, na furaha yake utaiona. Mkizoeana, siku moja atakupa jina la alama, pengine kwa kovu lako, cheko lako au namna unavyovaa kofia. Dada yangu na wenzake walinipa la kwangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nalo ni mkono unaogusa sikio.